Andromeda ya kinamasini: mmea unaodhoofishwa na shibe

Swali: Bustani yangu iko mahali penye ubaridi na unyevunyevu karibu mwaka mzima. Mwaka juzi nilinunua miche mitatu ya andromeda (Andromeda polifolia) nikaipanda kwenye kitanda nilichokichanganya na samadi iliyooza vizuri. Mwaka wa kwanza ilichanua na kupendeza. Sasa majani mapya yanatoka ya manjano huku vishipa vyake vikibaki kijani, na ncha za majani ya zamani zinakauka na kuwa kahawia. Naimwagilia kila jioni kwa maji ya bomba, na nimeiongezea mbolea mara mbili, lakini hali inazidi kuharibika. Je, niongeze maji, nibadilishe mbolea, au niing'oe tu? Halafu, jirani ameniambia kwamba majani yake yanatumika kama rosmari. Ni kweli?

Jibu:

Ndugu msomaji, swali lako la mwisho haliwezi kungoja, kwa hiyo nalijibu kwanza kwa ufupi: usiyatie majani hayo katika chakula wala usiyachemshe, kwa sababu yana sumu. Maelezo yake nitayatoa mwishoni. Kuhusu mimea yenyewe, dalili ulizozitaja zimeelezwa kwa makini kiasi kwamba sina shaka kubwa juu ya chanzo chake. Mimea yako haina kiu na haina njaa. Imepandwa katika rutuba ambayo mizizi yake haikuumbwa kuishughulikia, na takriban kila jioni inanyweshwa chokaa kidogo iliyoyeyuka ndani ya maji ya bomba. Ukiongeza maji yaleyale na mbolea ileile, utaharakisha tu mwisho wake.

Ili uone kwa nini ninasema hivyo, yafaa tuutazame mmea huu kwao. Andromeda ni kichaka kifupi kisichopukutisha majani, chenye kimo cha sentimita 10 hadi 40 kwa kawaida, na asili yake ni vinamasi vya baridi vinavyouzunguka upande wa kaskazini wa dunia, kuanzia Ulaya ya kaskazini, kupita Siberia, hadi Amerika ya Kaskazini. Vinamasi hivyo si kama vile vya kando ya mto, ambavyo mafuriko huviletea tope lenye rutuba. Vingi kati yake hulishwa na maji ya mvua peke yake, na mvua haina chakula kingi cha mimea. Juu yake hutanda kuvumwani iitwayo sfagnamu, ambayo huyanasa madini machache yaliyomo majini na badala yake kuachia asidi, hivyo kinamasi kizima kikawa kichachu. Chini ya kuvumwani hiyo hurundikana piti, yaani mabaki ya mimea ambayo hayakuoza kikamilifu kwa kukosa hewa. Ni mahali penye maji tele na chakula haba, na andromeda imejifunza kuishi hapo ambapo mimea yenye nguvu kuliko yenyewe haiwezi.

Mizizi yake inaonyesha jambo hilo waziwazi. Kama ilivyo kwa jamaa zake katika familia ya Ericaceae, wakiwamo rododendroni na blubberi, vijizizi vyake vya mwisho ni vyembamba mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na havina vile vinyweleo ambavyo mimea mingi hutumia kufyonza maji na madini. Badala yake ndani ya seli za vijizizi hivyo huishi kuvu za aina maalumu, ambazo huyavunja mabaki magumu ya mimea na kuupatia mmea naitrojeni iliyofungwa humo, nao mmea huzilipa kuvu hizo kwa sukari. Ni mapatano ya maskini wawili wanaosaidiana. Ukimwaga mbolea ya chumvichumvi mahali hapo, unavuruga mapatano hayo, na chumvi yenyewe huunguza vijizizi ambavyo havina ngozi nene ya kujikinga. Ncha za kahawia ulizoziona kwenye majani ya zamani, kwa maoni yangu, ndiyo alama ya kuungua huko.

Umanjano wa majani mapya ni habari nyingine, na ni muhimu usiichanganye na njaa ya kawaida. Mmea ukikosa naitrojeni, huanza kuwa manjano kwenye majani ya chini ya zamani, kwa sababu huihamisha naitrojeni hiyo kutoka huko na kuipeleka kwenye machipukizi. Chuma hakihamishiki namna hiyo. Mmea ukikosa chuma, machipukizi ndiyo yanayoumia kwanza: nyama ya jani hupauka na kuwa manjano, huku vishipa vikibaki kijani kama ramani ya mito. Hivyo ndivyo ulivyoeleza. Chuma kinaweza kuwamo tele ardhini. Tatizo ni kwamba udongo usipokuwa na asidi ya kutosha, chuma hugeuka kuwa kitu kisichoyeyuka na mizizi haiwezi kukinywa. Andromeda huridhika udongo ukiwa na pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) kati ya 4 na 5.5 hivi, na kipimo hicho hakipandi kwa hatua sawasawa kama ngazi, kwani kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. Udongo wenye pH 7, ambao kwa mboga nyingi si mbaya hata kidogo, una asidi pungufu mara mia kuliko ule wenye pH 5.

Asidi ya kitanda chako, kama ilikuwapo, imeondolewa na nini? Samadi ina sehemu yake, kwa kuwa mboji ya samadi mara nyingi haina asidi. Lakini ninayashuku zaidi maji. Tazama ndani ya birika unalochemshia maji: ukikuta gamba jeupe limeganda kwenye kuta zake, basi maji yako ni magumu, na gamba lilelile, likiwa bado limeyeyuka, ndilo unalowapa mimea yako kila jioni. Watu wengi hupima pH ya maji wakaridhika kuona inakaribia 7, ilhali kinachodhuru ni bikaboneti, yaani ile chokaa iliyoyeyuka, iliyomo ndani yake, ambayo huizimua asidi ya udongo siku baada ya siku hadi ikaisha. Ndiyo sababu mimea yako ilipendeza mwaka wa kwanza na kuanza kuugua baadaye. Mwaka wa kwanza iliishi ndani ya donge la udongo wake wa kitaluni na machipukizi yaliyokwisha kuandaliwa huko, na kuchanua kwake hakukuwa ushahidi kwamba kitanda chako kinafaa.

Lipo jambo jingine ambalo ningependa uliondoe katika orodha ya hofu zako, nalo ni kuoza kwa mizizi. Mizizi ikioza, mmea mzima hunyong'onyea na kupauka ilhali udongo umeloa, na ukiukwangua kwa ukucha karibu na shina unakuta ganda la ndani limekuwa la kahawia badala ya kijani. Hukutaja unyong'onyevu huo. Hata hivyo likague shina, kwa sababu mmea uliooza mizizi hauponi, na hakuna faida ya kuujengea nyumba mpya.

Ikiwa ganda la ndani ni la kijani, mimea yako inaweza kuokolewa. Kuanzia leo acha maji ya bomba na acha mbolea ya kila namna. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, ukihakikisha hayapiti juu ya paa la saruji mpya wala kwenye tangi la saruji, kwa kuwa saruji nayo ina chokaa. Kama majani ni ya manjano sana, unaweza kuipa dozi moja ya dawa ya chuma iliyotengenezwa maalumu ili isigandishwe na chokaa; itarudisha rangi kwa wiki chache, lakini ichukulie kama gongo la mgonjwa na si tiba. Kisha ngoja hali ya hewa ya ubaridi, ama vuli inapoanza, ama mwishoni mwa majira ya baridi kabla macho ya matawi, yaani vichipukizi vilivyofumba, hayajafumuka, uing'oe mimea pamoja na mizizi mingi kadiri iwezekanavyo. Mizizi haiendi chini sana. Imetanda karibu na uso wa udongo. Ioshe taratibu kwa maji ya mvua ili samadi idondoke, na usiiache hata robo saa juani au kwenye upepo, kwa maana vijizizi vyembamba namna ile hukauka upesi kuliko unavyodhani. Niliwahi kupoteza kichaka kizima kwa sababu niliitwa ndani kupokea mgeni huku mizizi ikiwa wazi.

Sasa tuje kwenye kitanda chenyewe, ambapo hadithi ya jina la mmea huu ina msaada. Aliyeupa jina ni Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aliyeukuta katika safari yake ya Lapland, eneo la kaskazini kabisa mwa Skandinavia, mwaka 1732. Aliona vichaka vyake vimesimama juu ya vichuguu vidogo vya majani vilivyozungukwa na maji yenye vyura, vikiwa na maua mekundu kwa haya, akakumbuka ngano ya Kiyunani ya Andromeda, binti wa mfalme wa Ethiopia, aliyefungwa minyororo juu ya mwamba baharini ili aliwe na dude la majini. Wengi huipenda ngano, lakini mtunza bustani aangalie kile kichuguu. Mmea ulikuwa juu ya maji, haukuwa ndani yake. Andromeda hutaka miguu iwe na unyevu na shingo iwe kavu. Ukiizamisha shingo yake, vijizizi vya juu hukosa hewa na kufa, na watu wanaosikia neno kinamasi wakaipanda ukingoni mwa bwawa, mahali ambapo maji hupanda na kushuka, huipoteza kwa njia hiyo.

Chimba shimo lenye kina cha sentimita 40 hadi 50 na upana wowote unaoutaka, ingawa eneo kubwa hukauka polepole kuliko dogo. Litandike kwa plastiki nene ya aina inayotumika kwenye mabwawa ya bustani, kisha toboa matundu machache kwenye pande zake, takriban sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi. Matundu hayo ndiyo siri ya kazi nzima: chini yake maji hubaki kama akiba, na juu yake maji ya ziada hutoka, hivyo tabaka la juu linabaki na unyevu na hewa kwa pamoja. Usitoboe kitako. Ikiwa ardhi yako yenyewe ina chokaa, plastiki hiyo pia huzuia maji ya ardhini yasipenye, na ni afadhali uuinue uso wa kitanda sentimita 10 au 15 juu ya ardhi inayokizunguka. Usijaribu kuugeuza udongo wa chokaa kuwa wa asidi kwa kuumwagia unga wa salfa. Salfa hufanya kazi pale ambapo asidi ipo lakini ni pungufu, na hata hapo huchukua miezi, kwa kuwa ni bakteria wa udongo wanaoigeuza kuwa asidi. Penye chokaa ya asili utakuwa unajaza pakacha maji. Ukiwa na shaka, chukua konzi ya udongo mkavu uimwagie siki: ikichemka kwa mapovu, chokaa ipo nyingi.

Cha kujazia humo ni suala ambalo miaka thelathini iliyopita lingejibiwa kwa neno moja, piti, na vitabu vingi vya zamani bado vinasema hivyo. Siwezi kukushauri hivyo kwa moyo mweupe. Piti hujirundika kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa mwaka, maana yake ni kwamba piti ya kujaza kina cha sentimita 40 ni kazi ya karne nne. Ardhi zenye piti huchukua takriban asilimia 3 ya nchi kavu, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ya dunia, na zinapokaushwa ili zichimbwe, kaboni hiyo hurudi hewani. Tena ni ajabu kidogo kubomoa kinamasi ili kuotesha mmea wa kinamasini. Mimi hutumia magome ya misonobari yaliyosagwa na kuozeshwa, sehemu mbili, na mboji iliyotokana na majani ya misonobari au ya miti mingine isiyopenda chokaa, sehemu moja, pamoja na mchanga mnene usio na chokaa, sehemu moja. Mchanga wa pwani wenye vipande vya makombe haufai hata kidogo, kwani makombe ni chokaa tupu. Mchanganyiko huu hushika maji pungufu kuliko piti, kwa hiyo katika kiangazi cha kwanza itakubidi uutazame mara kwa mara, na kila mwaka utashuka kidogo, ukihitaji kuongezewa tandazo jembamba la magome juu yake. Loweka mchanganyiko huo kwa maji ya mvua siku mbili tatu kabla ya kupanda, kwa sababu magome yakiwa makavu huyakataa maji.

Panda kila mche kwenye kimo kilekile ulichokuwa nacho, au juu kidogo, ukiacha sentimita 30 hadi 40 kati ya mmoja na mwingine. Andromeda hujitandaza yenyewe kwa mashina yanayotambaa chini ya uso wa udongo, lakini polepole, hivyo usishangae kuona nafasi wazi kwa miaka miwili au mitatu. Kadiri mahali palivyo pa baridi ndivyo andromeda inavyoweza kupewa jua zaidi; jua la kutwa huifanya ishikane na kuchanua kwa wingi, ilhali kivuli kizito huirefusha na kuilegeza. Joto ndilo adui hasa, na joto la usiku kuliko la mchana. Baridi haiitishi kabisa, kwani huko kwao hulala chini ya theluji na hustahimili nyuzi za sentigredi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo mwenye bustani ambayo usiku wake una joto mfululizo, au mahali pasipo na majira ya baridi kabisa, asijisumbue na mmea huu.

Ukipenda kuiweka kwenye chungu, chagua kipana kuliko kirefu, na ukiweke juu ya sahani yenye maji ya mvua ya kina cha sentimita moja au mbili wakati wa ukuaji. Majira ya baridi ondoa sahani. Kupogoa ni kazi ndogo: kata ncha kidogo mara tu maua yanapokwisha, na usichelewe, kwa sababu macho ya maua ya mwaka ujao huanza kujitengeneza kwenye matawi mapya ya msimu huohuo, na atakayekata kabla ya majira ya kuchipua atakuwa amekata maua yenyewe.

Nakushauri pia uchukue vipandikizi mapema kama bima, hasa kwa mimea iliyokwisha kuugua. Mwishoni mwa kiangazi chagua vichipukizi vya mwaka huo vilivyoanza kukomaa, virefu kama sentimita 5, uondoe majani ya chini, na uvichomeke kwenye mchanganyiko wa magome laini na mchanga, chini ya kifuniko cha plastiki na mahali pasipo na jua kali. Vitachukua wiki nyingi kutoa mizizi. Njia rahisi zaidi, na ambayo hushindwa mara chache, ni kulipinda tawi la pembeni, kulifukia katikati na kuliwekea jiwe juu yake, halafu kulitenga na mama yake baada ya mwaka mmoja. Mbegu ni ndogo kama vumbi, hupandwa juu ya uso bila kufukiwa, na mche wake huchukua miaka kuchanua. Isitoshe, mbegu za aina zilizochaguliwa na wakulima hazitoi mmea uliofanana na mama. Kati ya aina hizo, 'Compacta' hukaa mfupi na kushikana, na 'Blue Ice' hupendwa kwa majani yake yenye rangi ya samawati ya fedha. Matunzo ya zote ni yaleyale.

Baada ya kuhamisha, usihukumu kazi yako kwa majani ya zamani. Ncha zilizokauka hazitarudi kuwa kijani, na majani hayo yatakaa mtini mwaka mwingine kabla ya kudondoka. Hesabu machipukizi yanayotokea msimu unaofuata: yakiwa ya kijani kizito juu na meupe ya nta chini, kingo zake zikiwa zimejikunja kuelekea chini, basi mizizi imeshika. Mbolea usiipe mwaka huo. Miaka ya baadaye, ikiwa machipukizi yanafupika kila msimu, kiasi kidogo sana cha mbolea ya mimea ya udongo tindikali, nusu ya kipimo kilichoandikwa au hata pungufu yake, kinatosha mara moja mwanzoni mwa majira ya kuchipua.

Nirudi kwa jirani yako. Kosa lake linaeleweka, kwa kuwa majani ya andromeda ni membamba, yamejikunja kingo na yana weupe upande wa chini, sawasawa na ya rosmari, hata Kiingereza na Kijerumani vimeupa mmea huu jina linaloufananisha nayo. Lakini hazina undugu wowote: rosmari ni jamaa ya mnanaa na mrehani, na ukiyafikicha majani yake harufu hujaa mkononi, ilhali jani la andromeda halina harufu hiyo. Ndani yake mna sumu ya grayanotoksini, ileile inayopatikana katika rododendroni. Kazi yake mwilini ni kuishikilia wazi milango ya sodiamu kwenye seli za neva na za misuli, ikiwamo ya moyo, isiweze kujifunga. Aliyeila hutokwa na mate mengi, hutapika, huishiwa nguvu, na mapigo ya moyo pamoja na shinikizo la damu hushuka. Kuchemsha hakuifanyi kuwa salama. Kondoo na mbuzi nao hudhurika, kwa hiyo matawi uliyoyapogoa usiyatupe mahali wanapopita. Ikitokea mtu ameyala, apelekwe hospitali mara moja pamoja na tawi la mmea wenyewe ili mganga autambue. Na ikiwa nyumbani kwako mna rosmari ya jikoni, ipande upande mwingine wa bustani, mbali na kitanda hiki, hasa kama si wewe peke yako unayechuma majani ya kupikia.